Serikali ifanye kazi yake, soko liachwe lifanye lake

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Ninaoka mikate Kariobangi. Vibali vya biashara, zimamoto na afya, ambavyo Nairobi ilivikusanya katika hati moja mwaka 2023, nimevilipia vyote na hati imebandikwa ukutani. Hata hivyo, juzi alifika afisa, akaisoma mstari kwa mstari akitafuta kasoro, na alipoikosa akatoka nje na kuyaelekezea kidole maandishi ya "Mikate Moto" niliyoyapaka mlangoni mwangu mwenyewe, akidai kuwa ni tangazo lisilolipiwa. Alifunga duka saa hiyo hiyo, unga ukiwa umekwisha kuumuka. Wote ulimwagwa, na vijana ninaowalipa kwa siku wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii inajua njia bora, kwa kuwa imeshaipita. Hadi mwaka 1992, shirika moja lililodhibitiwa na serikali, KCC, ndilo lililoruhusiwa kuuza maziwa yaliyosindikwa mijini, kwa bei iliyopangwa ofisini. Milango ilipofunguliwa, wasindikaji wengine wakaingia na mkulima akapata pa kupeleka maziwa yake. Simu nayo ilikuwa ya kuombwa na kungojwa kwa miaka, mpaka shirika la posta na simu lilipovunjwa mwaka 1999 na kampuni za simu za mkononi zikaanza kushindana. M-Pesa ilianza mwaka 2007, Benki Kuu ikairuhusu iendelee huku ikiitazama kwa karibu, ilhali sheria ya mifumo ya malipo ilipitishwa mwaka 2011. Ingalidaiwa kwanza kibali ambacho hakijatungwa, leo mama mboga angekuwa bado anaficha noti kwenye leso.

Badala ya kuendeleza njia hiyo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo hata mwezi ambao bei ya unga imenimaliza, bado nadaiwa. Mwaka huo huo ushuru wa ziada ya thamani (VAT) kwenye mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16, na gari la kusambaza mikate haliendeshwi kwa maji.

Sisemi serikali iondoke. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ndani ya siku 60, ndiyo kazi ninayoitaka kwake, kwa sababu mteja akijua kwamba deni litafuatwa, nami nitathubutu kumkopesha. Zifunguliwe mahakama kama hizo kila mtaa. Kodi ya mauzo irudishwe asilimia 1, na afisa yeyote anayefunga duka la mtu aache sababu kwa maandishi, na jina lake chini yake.