Jamestown Virginia: niende pa kujengwa upya au pale penyewe?

mgonjwa_wa_kale: Wakuu heshima mbele. Nipo Maryland, mwezi ujao nina ofu ya siku moja tu, nataka niende Jamestown pale Waingereza walipoanzisha koloni lao 1607. Sasa kugugo nakuta sehemu mbili, tiketi mbali mbali, moja wamejenga upya ngome na meli, nyingine ndo eneo lenyewe wanapochimbua mabaki. Waifu anasema hawezi kulipa hela kwenda kuangalia wazungu waliovaa nguo za zamani wanapika uji. Watoto wawili, miaka 6 na 11. Mliofika naombeni mwongozo.

Mama Kulwa: Anzeni pa kujengwa upya, kwa ajili ya watoto. Meli zote tatu zipo, Susan Constant, Godspeed na Discovery, unapanda kabisa, na ukishuka kule chini utajiuliza watu walikaaje humo miezi minne na zaidi. Nyumba za ngomeni sasa, miti, udongo, nyasi juu, mwanangu akasema kwa sauti "mama si kama kwa bibi Singida", nilicheka mpaka yule mwenye bunduki ya baruti akageuka.

nondo kuukuu: Mkuu yale maigizo tu. Nenda pale penyewe. Miaka na miaka watu waliamini ngome imeliwa na mto, hadi 1994 William Kelso alipoanza kuchimba akakuta alama za nguzo ardhini, ngome ilikuwepo karibu yote. Kwenye makumbusho ya pale kuna mabaki ya binti wa miaka kama 14, wamempa jina Jane, fuvu lina alama za kukatwa maana njaa ya 1609 na 1610 walifikia kula maiti. Huyo wa miaka 6 mpitishe mbali.

mgonjwa_wa_kale: Duh. Hiyo darasani hatukuambiwa.

Mnyamwezi wa Baltimore: Mmeruka la kwetu. 1619 meli ya White Lion ilishusha Waafrika ishirini na ushee Point Comfort, huko huko Virginia, wametekwa Ndongo, Angola ya leo. Mwanamke mmoja, Angela, aliletwa na meli nyingine, Treasurer, na kwenye orodha ya watu ya 1625 yupo nyumbani kwa kapteni William Pierce, kiwanja chenyewe kimechimbuliwa hapo hapo Jamestown. Ndongo waliongea Kimbundu, mtu kwao ni mutu. Nilisimama pale nawaza huyu mama angeniongelesha neno moja moja ningelidaka.
Ratiba: toka usiku kabla ya foleni ya I-95, saa tatu asubuhi uwe kwenye meli, mchana uhamie pale penyewe, ni jirani tu. Kama ni kiangazi beba dawa ya mbu, pale ni kinamasi.

mgonjwa_wa_kale: Shukrani wakuu. Waifu kasoma habari ya Angela kanyamaza kidogo, anakuja. Ila uji bado hataki kuuona.