"Kijiko hiki kimetengenezwa kwa nini?" Msaada wa kufundisha watoto wa miaka 4–6 sifa za malighafi

MwalimuWaAwali

Habari zenu walimu. Nina darasa la watoto 24 wenye umri wa miaka 4 hadi 6, na mada inayofuata ni sifa za malighafi: mbao, plastiki, metali, kioo, kitambaa, karatasi na mpira. Nina vipindi sita, kila kimoja dakika 30. Kuna mambo matatu yanayokwama:

1. Nikiuliza "kijiko kimetengenezwa kwa nini?" wananijibu "ili tulie".
2. Wanaweka pamba na chupa ya plastiki kwenye kundi moja kwa sababu vyote ni "laini".
3. Jaribio la kuelea na kuzama linaishia kwenye "vizito vinazama", basi.

Naomba mpangilio wenye vipimo kamili, pamoja na vitu ambavyo haviruhusiwi kabisa kuwa mezani.

Papasa_Bonyeza

Mwalimu, kwenye namba 1 mtoto amejibu sawasawa. "Kwa nini" ni swali la sababu masikioni mwake, naye anakupa sababu. Hata "kijiko hiki ni cha nini?" itakuletea jibu lile lile, maana inauliza matumizi. Mpe machaguo: "Kijiko hiki ni cha mti, cha plastiki au cha chuma?" Kile kiunganishi "cha" kinambeba mtoto moja kwa moja hadi kwenye malighafi, naye amekizoea tangu nyumbani.

Kisha panga vitu kwa njia mbili, kwa kufuatana. Siku ya kwanza weka kitu kimoja cha malighafi tofauti: kijiko cha mti, cha plastiki na cha chuma, kikombe cha plastiki, cha bati na cha udongo. Siku ya pili geuza: malighafi moja, vitu tofauti, kwa mfano kitana, kifuniko na rula, vyote vya plastiki. Hapo ndipo watoto wanaona kwamba jina la kitu na jina la kilichokitengeneza ni mambo mawili. Kwa vikundi vya watoto wanne, vitu 10 hadi 12 kwa kila kikundi vinatosha. Vikizidi hapo wanaanza kuvichezea na upangaji unasahaulika. Penseli, viatu na miavuli viache kwanza, kwa sababu vina malighafi zaidi ya moja. Vinafaa sana siku ya tatu, kila kikundi kikihesabu malighafi zilizomo ndani ya kitu kimoja.

Namba 2 imetokana na lugha yenyewe. "Laini" ina maana mbili: kisichokwaruza na kinachobonyea. Kigae ni laini na pamba ni laini, lakini vidole havipati habari moja. Usilifute neno. Lipe vitendo viwili. Cha kwanza ni kupapasa: ncha za vidole zinateleza juu ya kitu bila kukandamiza. Cha pili ni kubonyeza: dole gumba linasukuma ndani. Mtoto aseme "kinateleza" au "kinakwaruza", kisha "kinabonyea" au "hakibonyei". Chupa ya plastiki nene inateleza ila haibonyei kwa urahisi. Sponji inabonyea, na upande wake wa kusugulia unakwaruza. Tumia sponji yenye pande mbili, maana inaonyesha sifa hizo zinatengana ndani ya kitu kimoja. "Ngumu" nayo ina mtego wake, kwa sababu watoto huitumia pia kwa jambo lisilowezekana. Badala ya "mbao ni ngumu" waulize "ukiibonyeza inabonyea?"

Kwa ujumla vitenzi vinawasaidia watoto wa umri huu kuliko vivumishi, na Kiswahili kimetupa utajiri hapo. Karatasi huchanika. Uzi hukatika. Kijiti huvunjika. Kioo hupasuka. Udongo mkavu humeguka. Kila neno limeshachagua malighafi yake! Andaa karatasi, uzi, kijiti kikavu na bonge la udongo mkavu, kila mtoto aharibu kimoja kimoja huku akitaja kitenzi. Kisha kupinda: waya mwembamba hupinda na kubaki hivyo hivyo, rula ya plastiki hupinda na kurudi. Mpira wa kufungia huvutika, na ukiuachia hurudi. Hiyo "hurudi au hubaki?" ni swali zuri mno, na linajaza kipindi kizima.

Beseni_la_Maji

Naongezea upande wa maji.

*Kunyonya.* Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10 vya kitambaa cha pamba, karatasi ya jikoni, karatasi ya kuandikia, mfuko wa plastiki na sponji nyembamba. Mwaga kijiko kimoja cha chai cha maji (mililita 5) juu ya trei, laza kipande juu yake, hesabuni pamoja hadi 30, kisha inueni mtazame maji yaliyobaki. Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza ni kitambaa kipya: mara nyingi kimepakwa wanga au dawa kiwandani, na maji hukaa juu yake kama shanga. Kifue mara mbili kabla ya siku hiyo, tena bila dawa ya kulainisha nguo. La pili ni mtoto kukandamiza kipande chake kwa kiganja huku mwenzake akikilaza tu. Kanuni iwe moja kwa wote: hakuna kukandamiza.

*Kuelea.* "Vizito vinazama" haivunjwi kwa maelezo. Mpe mtoto kokoto ndogo mkono mmoja na kipande kikubwa cha mbao mkono mwingine. Aseme kipi kizito. Kisha atie vyote majini. Kizito kimeelea, chepesi kimezama, na sasa ana jambo la kufikiri. Jaribu mbao zako usiku uliotangulia, kwa sababu zipo nzito kama mpingo ambazo huzama.

Baada ya hapo plastisini (udongo laini wa kufinyangia wa watoto). Gramu 50 zikifinyangwa ziwe tufe huzama papo hapo. Plastisini ile ile ikitandazwa unene wa milimita 3 hivi, na kuta zikainuliwa sentimita 2 kuzunguka sakafu ya takriban sentimita 6 kwa 7, huelea. Ikizama, tazama pembe kwanza. Huko ndiko nyufa hutokea, kwa sababu watoto huvuta kuta badala ya kuzibana. Shida ya pili ni kuiweka majini kwa ubavu. Ishikwe kwa mikono miwili, ishushwe bapa. Ukifika hapo inatosha kusema kwamba umbo lenye uwazi ndani kama bakuli linasukuma maji mengi zaidi, nayo maji hulisukuma juu. Neno "msongamano" (uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake) lisubiri miaka kadhaa.

Kuna moja ninalolipenda: kifuniko cha chupa ya maji huelea, ila kipande kilichokatwa kwenye mwili wa chupa ile ile huzama. Zote ni plastiki, lakini za aina mbili. Zamisha kipande kwa kidole kwanza, kwa sababu kipande chepesi hubebwa na ngozi ya maji hata kama ni cha kuzama. Kata mwenyewe na uviringe kingo, maana ni kali.

Sumaku_na_Joto

Mada ikifika kwenye metali, jiandae kwa neno "chuma". Watoto (na wakubwa pia) huita kila metali chuma, na sumaku hugoma. Itumie hali hiyo. Weka msumari, kibanio cha karatasi, kopo la soda la alumini, kopo la chakula, waya wa shaba na karatasi ya alumini. Kopo la chakula mara nyingi ni chuma kilichopakwa bati, hivyo hunaswa. La soda la alumini halinaswi. Vijiko visivyoshika kutu vingine hunaswa na vingine hapana, kulingana na mchanganyiko wake, kwa hiyo vipime mapema uviweke mwisho. Vibanio vilivyovikwa plastiki ya rangi bado hunaswa, na hilo hushangaza watoto.

Joto. Watoto watakwambia chuma ni baridi kuliko mbao. Viache vyote chumbani saa moja. Vitakuwa na joto lile lile. Chuma huonekana baridi kwa sababu hukimbiza joto la mkono haraka. Waonyeshe kwa barafu: vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja juu ya sufuria nene ya alumini iliyogeuzwa, kingine juu ya ubao wa kukatia. Waulize kipi kitayeyuka kwanza. Wengi huchagua ubao "wenye joto". Cha kwenye sufuria huyeyuka haraka zaidi, na tofauti inaonekana ndani ya dakika chache. Usitumie mfuniko mwembamba, kwa kuwa hupoa upesi na tofauti hufifia. Usiweke karibu na dirisha lenye jua.

Visivyoruhusiwa mezani: sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili hunasana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Tumia sumaku kubwa iliyofunikwa plastiki, isiyoingia mdomoni. Betri bapa za duara pia hapana. Ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili. Puto zilizopasuka ziondolewe mara moja. Kwa watoto ambao bado hutia vitu mdomoni, chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno.

MwalimuWaAwali

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nitaacha kuuliza "kwa nini" kuanzia kesho. Limebaki moja: kioo. Nataka waelewe kupitisha mwanga, ila sitaki kioo mikononi mwao.

Papasa_Bonyeza

Chupa moja nene ya kioo ikae kwenye meza yako, waitazame tu. Kazi ya mikono ifanyike kwa plastiki angavu, karatasi ya kuandikia na kadibodi, na tochi. Tochi iwe ile ambayo mlango wa betri umefungwa kwa skrubu. Mtoto ashike kipande kati ya tochi na ukuta, umbali wa sentimita 20 hivi, na aseme: naona mwanga wote, mwanga kidogo, au kivuli tu?

Halafu paka tone la mafuta ya kula katikati ya ile karatasi, lisugue, subiri dakika moja, waangazie tena. Doa litang'aa kuliko sehemu nyingine. Katikati ya nyuzi za karatasi kuna hewa inayotawanya mwanga; mafuta yakijaza nafasi hizo, mwanga mwingi zaidi unapita. Kwa watoto sema tu "mafuta yameziba vijishimo". Karatasi nene haifanyi vizuri, chukua ile nyembamba ya daftari.