Msaada: kuunganisha websaiti ya WordPress na CRM (programu ya kutunza wateja) pamoja na emaili za kujituma zenyewe

Mlimani_Moshi
Wakuu habari za humu. Tuna kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, tunapandisha wageni Kilimanjaro na safari za mbuga kidogo. Websaiti yetu ni WordPress na fomu ya maulizo ni Contact Form 7, mgeni akijaza inadondoka kwenye emaili ya ofisi na mwisho wake ndo hapo. Sasa huu msimu wa Juni mpaka Oktoba ukikaribia maulizo yanafurika, watu wawili wa ofisi wanamjibu mgeni mmoja kwa bei mbili tofauti, mwingine anasahaulika wiki nzima, ukija kumkumbuka keshalipia kampuni nyingine. Na wengine hawagusi fomu kabisa, wanabonyeza kitufe cha WhatsApp. Nataka kila anayeuliza aingie sehemu moja, ijulikane nani anamhudumia, apate jibu la kwanza hapohapo na akumbushwe baadaye bila sisi kukaa na daftari. Nimesoma kuhusu programu za kutunza wateja na kutuma emaili, HubSpot, Zoho, Brevo na Mautic, nikachanganyikiwa, na kuna fundi kasema lazima nilipie Zapier, huduma ya kuunganisha programu, ndo vitu viongee. Nianzie wapi? Bajeti si kubwa.

fundi_seva
Mkuu Zapier usilipie kwanza. HubSpot wana plagini (kiongezo) yao ya WordPress, ukiiweka inaingiza yenyewe skripti ya ufuatiliaji, yaani kodi fupi ya kufuatilia wanaotembelea tovuti, na inaweza kusoma hata fomu ambazo si zao, Contact Form 7 ikiwemo, kwa hiyo mgeni akijaza tu anatokea kwenye CRM. Isipokuwa fomu iliyokaa ndani ya iframe, yaani ukurasa mwingine uliopachikwa ndani ya wako, hiyo haiioni. Ukipenda Brevo ndo rahisi zaidi, Contact Form 7 yenyewe ina sehemu ya kuunganisha Brevo, unapesti ufunguo wa API (msimbo wa siri wa kuziruhusu programu mbili ziongee) unachagua orodha basi. CRM ipo pia lakini nyepesi, nguvu yake iko kwenye emaili.

Ila kabla ya hayo yote weka plagini ya Flamingo leo hii. Contact Form 7 haihifadhi chochote kwenye databesi, inatuma emaili na kusahau, yaani emaili ikipotelea njiani na mteja kapotea. Flamingo ni ya mtengenezaji yuleyule, ni ya bure, inabaki na nakala ya kila fomu.

Halafu ukishaunganisha jaribu kwa simu ukiwa hujaingia kama admini, manake zile plagini za kuharakisha tovuti huwa zinachelewesha skripti, ukurasa unaonekana mzima kabisa kumbe ufuatiliaji haufanyi kazi. Ikitokea hivyo itoe skripti ya CRM kwenye orodha ya zinazocheleweshwa.

bintiwaKisauni
Mimi nashughulikia mauzo ya hoteli hapa Mombasa na ningekuomba ndugu yangu usichague programu kabla hujaamua mteja utamtambua kwa nini. HubSpot inamtambua mtu kwa emaili, wawili wakiwa na emaili moja inajua ni mmoja. Lakini mgeni wa WhatsApp hana emaili, ana namba tu, kwa hiyo yule aliyejaza fomu Jumatatu na kuja WhatsApp Jumatano anakuwa watu wawili na hapo ndipo zile bei mbili zinapozaliwa, hakuna otomesheni itakayokuokoa. Kwenye fomu fanya emaili na simu vyote vya lazima, na simu iwe na msimbo wa nchi, +255 au +49, si 07 mara huku +2557 mara kule. Na anayekuja WhatsApp swali la kwanza kabisa aombwe emaili ili atumiwe ratiba na bei, hakuna mgeni atakayekataa kwa sababu anaihitaji.

WhatsApp yenyewe, app ya biashara ya kawaida inatosha kwa jibu la salamu na zile lebo. Kuiunganisha na CRM ndo unahitaji API yao na huko kuna masharti, mteja akikuandikia una saa 24 za kumjibu kwa uhuru, zikipita unatuma kiolezo tu, yaani ujumbe uliopitishwa na WhatsApp mapema, na kinalipiwa.

Hamburg_kwetu
Kama wageni wako ni Wajerumani naomba usiwachukulie kirahisi kwenye ruhusa. Kujibu ulizo lake haina shida, ila kumuingiza kwenye orodha ya matangazo ni jambo jingine, weka kisanduku cha ruhusa ambacho hakijatikiwa, na huku Ujerumani tumezoea kuletewa emaili ya kuthibitisha kwanza. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, inatumika tangu 2018. Na hata nyumbani Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, wanaokusanya taarifa wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mlimani_Moshi
Asanteni sana, hili la emaili na namba limenifungua macho. Na Mautic vipi, si ni ya bure? Afu emaili zetu wageni wengine wanasema wanazikuta kwenye spamu.

fundi_seva
Mautic programu ni bure ila seva, kroni jobu (kazi zinazojiendesha kwa ratiba kwenye seva) na masasisho ni juu yako, na kroni ikisimama kampeni zako zote zinasimama kimyakimya. Kama huna mtu wa seva achana nayo.

Spamu hiyo ni DNS, yaani mipangilio ya domeini yako. Weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye domeini, hizo zinathibitisha emaili imetoka kwako kweli, na WordPress itume kupitia SMTP (seva maalumu ya kutuma emaili), si mail ya hosti mnayochangia na tovuti nyingine. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti, na wanaotuma kwa wingi lazima waweke kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja. Rekodi zikikaa sawa ndo uanze emaili za kujituma, na anza na mbili tu: jibu la hapohapo lenye jina la atakayemhudumia, na ya kukumbusha siku chache baada ya bei kama hajajibu. Mgeni akijibu tu mtiririko wa emaili hizo ukatike, hiyo hakikisha umeiweka, maana hakuna kinachoudhi kama mtu keshaongea na wewe halafu roboti inamuuliza kama bado ana nia. Na kwenye fomu ongeza njia ya kupandia mlima anayotaka, Machame, Lemosho au Marangu, na mwezi wa kupanda, vyote viingie kwenye CRM kila kimoja na sehemu yake, hapo anayeuliza Januari kwa ajili ya Agosti unamuwekea ukumbusho wake tofauti na wa anayepanda wiki ijayo.