Kumtembeza baba Berlin kwa miguu, siku mbili, bila kiongozi wa kulipwa

Kutoka: Binti wa Lindi, Leipzig

Wapendwa, habari za wikiendi. Wakubwa wote shikamooni.

Baba yangu anafika mwezi ujao, viza imetoka jana, alhamdulillahi. Ni mwalimu mstaafu wa historia, ana miaka 71. Goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi, ila kwenye tambarare anatembea kunishinda. Ameshaniambia kwenye simu kwamba basi la watalii hapandi na kiongozi wa kulipwa hamtaki. Anataka atembee mwenyewe, asimame panapomgusa, asome vibao, aulize maswali. Berlin tuna Jumamosi na Jumapili tu, Jumatatu niko kazini.

Ombi lake ni moja: amwone mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi, kwa macho yake. Mengine ameniachia mimi, na mimi Berlin naijua stesheni kuu na ubalozini basi. Naombeni mnichoree njia. Tuanzie wapi, tupite wapi, mzee akibanwa na haja tukimbilie wapi, na adhuhuri aswalie wapi?

Kutoka: Mama wa Wedding

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa viza. Mji huu nimekaa miaka 19 na wageni nimewatembeza wengi, wakiwemo wazazi wangu. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kutaka kumaliza kila kitu kwa siku moja, jioni mgeni hakumbuki alichokiona zaidi ya viatu vyake. Ninyi gawanyeni. Jumamosi iwe ya mji mkongwe, Jumapili iwe ya njia yetu sisi.

Jumamosi fikeni Lango la Brandenburg saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, kabla watu hawajajaa. Ni nguzo 12, lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Wale farasi wanne wa juu Napoleon aliwabeba hadi Paris mwaka 1806, wakarudishwa 1814. Mzee atasema lake hapo, kwa sababu Wajerumani nao walijua kudai chao kirudi.

Mkilipa lango mgongo, shukeni Ebertstraße kuelekea kusini, dakika tano tu, mtafika kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya. Ni mapande 2,711 ya zege, ilifunguliwa 2005. Ukiwa barabarani unaona mawe mafupi ya kukalia. Usimwache mzee aishie pembeni. Mshike mkono, kwa sababu chini kunateremka na kupanda kama mawimbi na goti lile halitapenda, kisha ingieni hadi katikati. Kadiri mnavyoingia mawe yanawazidi kimo, sauti za magari zinafifia, na mtu aliye hatua tatu mbele yako anapotelea kwenye kona humwoni tena. Msikae juu ya mawe wala kupigia picha za mapozi, hata mkiona wengine wanafanya.

Kutoka hapo nendeni Wilhelmstraße, mfuate namba hadi 92. Nataka msimame hapo kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Hakuna jumba. Lilikuwepo, ofisi na makazi ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, sasa kuna maghorofa ya kawaida ya kupanga na kibao cha maelezo. Watalii wanapita bila kugeuza shingo. Ndipo ulipokaa Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa kupanga masharti ya kuichukua Afrika na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Na mkutano ulipofungwa, kesho yake tu, tarehe 27 Februari, Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, juu ya ardhi za kwetu za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kesho yake tu! Mzee amefundisha tarehe hizi ubaoni maisha yake yote, mwache asimame pale atakavyo.

Halafu kateni mashariki kwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Kama mna ramani ya zamani mtaona imeandikwa Mohrenstraße. Jina lilibadilishwa Agosti 2025 baada ya miaka mingi ya watu kudai, na stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya U2 nayo imebadilishwa, kwa hiyo msidhani mmepotea. Amo alikuwa mwanafalsafa aliyezaliwa pwani ya Ghana ya leo, akafundisha vyuo vikuu vya Halle na Jena katika karne ya 18.

Njia hiyo inawatoa Gendarmenmarkt, uwanja wenye makanisa mawili yanayotazamana na ukumbi wa muziki katikati. Pumzikeni. Mikahawa ya pale bei zake zinauma, bebeni chai yenu kwenye chupa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kuelekea kaskazini hadi Bebelplatz. Humo chini, katikati ya mawe, kuna kioo cha mraba na watu wengi wanakikanyaga bila kujua. Mchana kioo kinaakisi mawingu, huoni kitu. Mzee ainame, akinge macho kwa viganja vyake pande zote mbili, asubiri kidogo. Ataona chumba cheupe chenye rafu tupu, za kutosha vitabu kama 20,000. Ni kazi ya msanii Micha Ullman, na pale ndipo Wanazi na wanafunzi wao walipochoma vitabu tarehe 10 Mei 1933. Mwalimu hapaswi kuondoka Berlin bila kuinama pale.

Ng'ambo ya barabara ni Chuo Kikuu cha Humboldt. Mwambie baba kwamba mwaka 1887 ilifunguliwa hapa Berlin, chini ya chuo hicho, idara ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maafisa waliokuwa wakipelekwa kwetu. Walimu wengine walitoka kwetu kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kufundisha mwaka 1900 na akaishia kufia nchi hii. Kisiwa cha Makumbusho kiko mbele kidogo, kitazameni kwa nje na mrudi na basi namba 100. Ni basi la kawaida la ghorofa kwa tiketi ya kawaida, linapita karibu vivutio vyote hadi Zoo. Kaeni juu, mbele.

Jumapili njooni kwangu, yaani Wedding. Pandeni U6, mshuke Rehberge au Afrikanische Straße. Mitaa yote iko karibu na stesheni hizo mbili, magharibi mwa Müllerstraße. Mtakuta Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, Ugandastraße, maghorofa ya kimya yenye maua barazani. Mimi kila nikitoka sokoni napita mtaa uliokuwa ukiitwa Petersallee, kwa jina la yule yule Peters ambaye kwetu alikuwa Mkono wa Damu. Tangu tarehe 23 Agosti 2024 jina hilo halipo. Kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee. Nilikuwepo siku ile. Nilikisoma kibao kile kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Rudini kwenye U6, mshuke Naturkundemuseum. Kwa mjusi tengeni saa mbili nzima. Ameandikwa Giraffatitan, kimo chake mita 13.27, na ukumbini anasimama mbele yako mara tu unapoingia. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 kwa jumla, na yote ilibebwa vichwani na mabegani kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa porini. Hesabu mwenyewe: vita ya Maji Maji imeisha 1907, nchi ile imetoka kwenye njaa ya kuchomewa mashamba, na miaka miwili baadaye watu wale wale wanabebeshwa mifupa. Msimamizi mkuu wa machimbo alikuwa Boheti bin Amrani, na mjusi mwingine wa Tendaguru amepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Mzee alitafute jina hilo.

Mkitoka, fuateni Invalidenstraße kuelekea mashariki, karibu kilomita moja na nusu tambarare, kisha kulia Brunnenstraße hadi namba 193. Tazameni chini, mlangoni. Kuna kijiwe cha kumbukumbu cha shaba ya njano, sentimita 10 kwa 10, cha Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Aliingizwa jeshini pamoja na baba yake bado mtoto, Vita Kuu ya Kwanza. Akaja huku 1929, akadai mishahara yao ambayo haikulipwa, asiipate. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, mwigizaji wa filamu, na mwalimu wa Kiswahili chuoni. Walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Msome Fatiha.

Kutoka: Kaka wa Neukölln

Mama, shikamoo. Njia ni hiyo hiyo, naongeza ya mfukoni.

Dada, nunua tiketi za saa 24, kanda AB zinatosha. Kanda C ni ya uwanja wa ndege. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kile kisanduku kabla ya kupanda. Mimi mgeni nililipa faini ya euro 60 nikiwa na tiketi mkononi, mpya kabisa, kwa sababu sikuigonga. Wakaguzi mara nyingi hawavai sare na hawasikilizi maelezo.

Jumapili maduka yamefungwa, chakula nunueni Jumamosi. Jumatatu makumbusho ya mjusi yamefungwa, kwa hiyo msije mkasogeza ratiba. Vyoo: bebeni sarafu za senti 50 na euro moja, na mle makumbusho mtumie kabla ya kutoka hata kama hambanwi. Njia ya baiskeli mara nyingi ina rangi nyekundu au matofali ya aina tofauti. Mzee asisimame hapo kusoma kibao, watampigia kengele na hawapunguzi mwendo.

Kuhusu swala: kutoka Brunnenstraße teremkeni Rosenthaler Platz, U8 inawaleta moja kwa moja Hermannplatz. Hapo karibu ndipo ilipo Lucy-Lameck-Straße, ambayo hadi 2021 ilikuwa na jina la Wissmann, yule gavana wa Kijerumani wa kwetu enzi za ukoloni. Sasa ina jina la mwanasiasa wetu wa Moshi. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, mkubwa, una nafasi, na wageni wanapokelewa vizuri. Adhuhuri mkiikosa, alasiri mtaiwahi, kiangazi siku ni ndefu. Chakula cha jioni ni kwangu. Soseji za mitaani nyingi ni nguruwe, mzee asije akakosea.

Kutoka: Dada wa Hamburg

Kwa mzee wa historia nawaombea siku ya tatu. Makaburi ya Ohlsdorf hapa kwetu ndipo alipozikwa Sayyida Salme, binti wa sultani wa Unguja, aliyefariki 1924. Nitawapokea stesheni.

Kutoka: Binti wa Lindi, Leipzig

Wapendwa, tumerudi jana usiku. Ahsanteni sana, kila neno lilitusaidia.

Hatukumaliza. Wilhelmstraße mzee alikaa dakika 40. Alisoma kibao, akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akawa anatazama madirisha ya yale maghorofa. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo za mtoto barazani. Kwa hiyo Gendarmenmarkt tulipita tu, ila Bebelplatz aliinama kama ulivyosema, na nikalazimika kumsaidia kuinuka.

Makumbusho sikutegemea. Nilidhani atafurahi. Alisimama kwenye mguu wa mbele wa mjusi, mfupa wa bega ukiwa juu ya kichwa chake mbali, akaniuliza: "Huu mmoja, walibeba wangapi?" Nikamwambia sijui baba. Akaanza kukadiria mwenyewe kwa vidole, mtu mmoja kilo ngapi, siku ngapi, maji walikunywa wapi. Yeye anaijua njia ile, alifundisha shule ya vijijini huko miaka sita. Alitaja vijito vya njiani kimoja kimoja, na watoto wa Kijerumani waliokuwa karibu walinyamaza kumsikiliza ingawa hawakuelewa. Jina la Boheti aliliandika kwenye kidaftari chake.

Kwenye Maji-Maji-Allee nimempiga picha chini ya kibao, amevua kofia.

Sasa nina swali. Kile kijiwe cha Brunnenstraße tulikikuta kimefifia, kimekuwa cheusi pembeni, jina linasomeka kwa shida. Mzee alijaribu kukisugua kwa leso yake, haikutosha. Asubuhi hii hataki habari ya Hamburg kwanza, anasema Jumamosi turudi Berlin akakisafishe. Je, inaruhusiwa? Na nitumie dawa gani nisije nikaharibu?

Kutoka: Mama wa Wedding

Inaruhusiwa mwanangu, watu wa mtaani wanavisafisha wenyewe, na wengine huweka ua. Nunua dawa ya kung'arishia shaba, ile ya krimu ya kwenye tyubu, usitumie waya wala sifongo ngumu. Chukua vitambaa viwili vya pamba, kimoja cha kupakia na kimoja cha kufutia, na chupa ya maji. Mzee asipige magoti kwenye lami, nitaleta mto na kigoda kidogo. Tukutane Rosenthaler Platz saa nne asubuhi.