Mjadala: Mtoto mwepesi anayechoshwa na masomo arushwe gredi, au afanyiwe mpango palepale alipo?

Mzazi, Kisumu (mwenye mada)

Nafungua mjadala huu kutokana na kauli iliyotolewa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya umma mjini hapa, nami nilikuwapo. Mama mmoja alieleza kwamba bintiye wa Gredi ya 2 humaliza kazi ya hisabati kabla mwalimu hajafika dawati la nyuma, kisha hukaa bure hadi kengele ilie, na akauliza shule ina mpango gani naye. Alijibiwa kwamba anayemaliza mapema awasubiri wenzake, na kama mzazi haridhiki, ampeleke akademia, yaani shule ya kibinafsi, ambako watoto hurushwa gredi. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, lakini hata hiyo dawa ya kurusha gredi sikuiafiki, na ndiyo maana naomba tulizungumze jambo hili bila jazba.

Daftari la mtoto huyo nililiona, kwa kuwa mama yake alilipitisha mikononi mwetu. Zoezi la siku lilikuwa la kutoa namba za tarakimu mbili, maswali kumi, na yote aliyapata. Chini yake, kwenye miraba iliyobaki wazi, alikuwa amejitungia maswali yake mwenyewe, na mojawapo lilikuwa 99 toa 100, akaandika jibu: "deni 1". Hakuna aliyemfundisha namba zilizo chini ya sufuri. Mwalimu alikuwa ameyapitishia kalamu nyekundu yale ya ziada na kuandika pembeni, "Usiharibu daftari."

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapotaja elimu ya mahitaji maalum, haiishii kwa watoto wenye ulemavu, bali inawataja pia wanafunzi wenye vipawa vya pekee. Aidha, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 una ngazi ya tathmini iitwayo "kuzidi matarajio". Basi nauliza: mtoto akishazidi matarajio, afanywe nini? Kwa jinsi ninavyoona, ngazi hiyo imekuwa alama ya kuandikwa kwenye ripoti ya mwisho wa muhula na kusahauliwa.

Rai yangu ni hii: mtoto wa namna hiyo aende darasa la juu kwa somo lile analoliweza tu, kisha arudi kwa wenziwe kwa masomo mengine yote. Asirushwe gredi nzima, wala asiambiwe asubiri.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Bungoma

Nimekusoma vizuri, mzazi mwenzangu, na ile kalamu nyekundu siitetei. Hata hivyo, naomba msomaji ajue hali ilivyo upande wetu. Ninafundisha watoto zaidi ya sitini peke yangu, na kipindi kimoja katika madarasa ya chini ni dakika thelathini. Nikitoa dakika kumi za maelezo na nyingine kumi za kupita katikati ya madawati, zilizobaki hazitoshi hata kusahihisha nusu ya madaftari. Anayeniambia nimwandalie mtoto mmoja kazi ya peke yake huwa hajafikiria ni nani atakayeisahihisha.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Wengi wa watoto ninaoletewa kwa jina la vipawa wamekaririshwa tu kwenye tuisheni za jioni, na kwa kuwa wamekutana na zoezi wiki mbili kabla ya wenzao, huonekana wepesi. Mimi huwatofautisha kwa swali la namna hii: Mzee ana mbuzi 12 na kondoo 7, naye ana umri wa miaka 60, je, ana mifugo mingapi? Aliyekaririshwa hujumlisha namba zote tatu na kunipa 79 akiwa na uhakika kabisa. Aliyeelewa hunitazama na kuniuliza umri wa mzee umeingiaje katika zizi. Huyo wa pili ndiye tunayemjadili hapa, na sikutani naye kila mwaka.

Tena, si kila mtoto anayepiga miayo amechoshwa na wepesi wa somo. Wako waliokuja bila kunywa chai, wako wasiouona ubao, na wako waliolala usiku wa manane kwa sababu nyumba ni chumba kimoja na wakubwa walikuwa macho. Kabla ya kumpa mtoto hesabu za Gredi ya 3, mwalimu amuulize kwanza alikula nini.

Mzazi, Nakuru

Mimi nasimama upande wa kurusha gredi, na sina haja ya kuficha. Enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia huu wa sasa, nilitolewa darasa la tatu nikaingia la tano, na hasara niliyopata ni kwamba sikuchaguliwa kwenye timu ya kandanda kwa sababu ya udogo wa mwili. Kumkalisha mtoto mwaka mzima akirudia anachokijua ni kumfundisha kwamba shuleni mtu hafaulu kwa kujitahidi. Atakapofika sekondari na kukutana na hesabu ngumu kwa mara ya kwanza, atadhani akili imemwishia, kumbe hakuwahi kujifunza kuhangaika na swali. Mpango wa somo moja ni mzuri kwenye karatasi, lakini ni nani atakayeusimamia? Gredi hurushwa mara moja, na kazi imekwisha.

Nakubali kwamba kuna mengi ya kufanya nje ya darasa. Huku kwetu tuna Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua makazi ya kale mwaka 1937, na ambako mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Nimempeleka mwanangu huko, akarudi na maswali ya mwezi mzima. Lakini hilo ni la Jumamosi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mtoto yumo mikononi mwa shule.

Mhadhiri mstaafu, Kakamega

Ningependa kuleta ushahidi uliokusanywa papa hapa kwetu, kwa kuwa tuna desturi ya kujadili elimu kana kwamba hakuna aliyewahi kuipima.

Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa yalifurika. Mwaka 2005, wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza utafiti katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias za wakati huo, wakati ambapo darasa la kwanza katika Mkoa wa Magharibi lilikuwa na wastani wa watoto 83. Shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja tu zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba, na darasa likagawanywa mara mbili. Katika shule 60, watoto waligawanywa kulingana na alama walizokuwa nazo, na katika zile 61 nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawanya kwa kiwango walifanya vizuri zaidi katika mtihani, na faida hiyo haikuwa ya wale wa juu peke yao, kwani hata kundi la chini lilipanda. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu mwenye watoto wanaokaribiana kiwango hupata nafasi ya kulenga somo pale walipo.

Hata hivyo, mwenye mada asishangilie mapema. Utafiti mwingine, uliofanywa na Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin katika eneo la Busia miaka ya 1990, ulichunguza shule zilizopewa vitabu vya kiada bila malipo. Vitabu hivyo viliinua alama za wanafunzi waliokuwa tayari juu, na waliobaki hawakupata faida yoyote iliyoonekana kwenye mtihani. Vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu, na vilikuwa na kasi ambayo wengi hawakuiweza. Maana yake ni kwamba mfumo wetu tangu zamani umemlenga mtoto wa mbele. Ikiwa hata huyo anayelengwa anapiga miayo, tufikirie hali ya waliokaa nyuma yake. Wote wanaumizwa na jambo lile lile, yaani somo la kiwango kimoja linalotolewa kwa watoto wa viwango vitano.

Kuhusu kurusha gredi, ndugu yetu wa Nakuru ana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Ripoti iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ilikusanya ushahidi wa miongo mingi na kuonyesha kwamba watoto waliorushwa baada ya kupimwa kwa makini kwa kawaida hufanya vizuri kimasomo, na kwamba hofu ya kuwaharibu kijamii imetiwa chumvi. Sharti lililomo humo ni huko kupimwa kwa makini. Vituo vyetu vya kutathmini watoto vimekuwapo tangu miaka ya 1980, lakini mzazi wa kawaida huvijua kama mahali pa kupeleka mtoto mwenye ulemavu, na akademia nyingi hurusha mtoto kwa sababu mzazi ameomba na karo imelipwa.

Mzazi, Nyalenda, Kisumu

Mhadhiri, heshima yako, lakini utafiti hauoni kinachotendeka uwanjani wakati wa mapumziko. Mwanangu ni wa pole katika kusoma. Shule aliyokuwa mwanzoni iligawa watoto kwa alama, na kufikia wiki ya pili lile darasa lake lilikuwa limeshapewa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Hata walimu walilitumia. Alama zake zilipanda kidogo, kweli, ila asubuhi alianza kuumwa tumbo. Mnajadili uchovu wa mtoto mwepesi kana kwamba ndiyo dhiki kubwa kuliko zote shuleni.

Mzazi, Kisumu (mwenye mada)

Dada wa Nyalenda, umesema jambo ambalo sina namna ya kulikwepa, na ndilo linalonizuia kuunga mkono mgawanyo wa kudumu, hata baada ya ushahidi wa mhadhiri. Mtoto akigawiwa darasa kwa mwaka mzima, darasa humgeukia kuwa jina. Akienda darasa jingine kwa dakika thelathini za hisabati na kurudi kwa wenziwe kwa Kiswahili, mazingira na michezo, jina halipati mahali pa kushika. Tena, mtoto mwepesi wa hesabu mara nyingi si mwepesi wa yote. Yule wa "deni 1", kwa maelezo ya mama yake, husoma hadithi kwa shida kama watoto wengine wa umri wake.

Ndugu wa Nakuru, ulirushwa wakati ambapo mtihani uliohesabika ulikuwa mmoja, wa darasa la nane. Siku hizi nafasi ya mtoto katika sekondari pevu hupangwa kwa kuchanganya asilimia 20 za tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 za tathmini za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 za mtihani wa Gredi ya 9. Anayeruka gredi ya saba au ya nane anaacha pengo kwenye hesabu hiyo, na mzazi ndiye atakayezunguka ofisi kulieleza. Katika madarasa ya chini pengo hilo halipo, lakini lipo jingine: mtoto wa miaka saba aliyerushwa kwa sababu ya hesabu atawekwa na watoto wanaoandika insha, ilhali mkono wake bado haujazoea kalamu.

Kwa upande wa usimamizi, njia ni ratiba. Shule ikiweka hisabati ya Gredi ya 2 na ya 3 katika kipindi kile kile cha asubuhi, hakuna mwalimu wa ziada anayehitajika wala fedha. Mtoto anabeba daftari, anavuka mlango mmoja, na daftari lake linasahihishwa na mwalimu wa huko.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Bungoma

Hilo la ratiba nalikubali, na katika shule yetu linawezekana, kwa kuwa madarasa hayo mawili yanapakana na mimi na mwenzangu wa Gredi ya 3 tunaelewana. Nitalipeleka kwa mwalimu mkuu kabla ya ratiba ya muhula ujao kupangwa. Ila nina masharti. Wa kuvuka wachaguliwe na sisi walimu wawili, si kwa barua ya mzazi, na watazamwe upya kila nusu muhula, ili anayelemewa arudi bila kelele. Wasizidi watatu au wanne, kwa kuwa darasa la mwenzangu nalo limejaa.

Kwa wale wanaomaliza mapema lakini hawajafikia kiwango cha kuvuka, nimeweka ubao wa ajua, yaani mchezo wa bao, kwenye kona ya nyuma. Mchezo huo unadai kuhesabu mbele na kukumbuka, hauhitaji kusahihishwa, na wanaocheza hunyamaza. Nimekwisha kumwona mtoto wa pole kabisa katika kusoma akimshinda kiranja wa darasa mara mbili mfululizo, na nadhani mama wa Nyalenda angefurahi kulijua hilo.

Mzazi, Nakuru

Mwalimu, mpango wako ni mwema, nami nauombea heri, lakini unasimama juu ya walimu wawili wanaoelewana. Mmoja akipata uhamisho, mtoto anarudi kusubiri kengele. Ndiyo maana bado nasema kwamba pale ambapo mtoto amepimwa vizuri, na yuko mbele katika kila somo na si hisabati tu, arushwe angali Gredi ya 1 au ya 2, kabla tathmini za baraza la mitihani hazijaanza kuhesabiwa.

Mzazi, Kisumu (mwenye mada)

Kwa mtoto aliye mbele katika kila somo, na aliyepimwa na mtu asiyelipwa karo yake, sitakupinga tena. Ninachopinga ni kuwarusha wale wa somo moja kwa sababu tu shule imekataa kugusa ratiba. Naomba mchango wa walimu wakuu: ni nini hasa kinachozuia vipindi vya hisabati vya gredi mbili kuwekwa wakati mmoja?