Ain Jalut 1260: Hulagu alirudishwa nyuma na msiba au na nyasi?

Kinyozi wa Majengo

Wadau, salamu. Jana jioni pale kwangu Majengo ulizuka ubishi mpaka wateja wa foleni wakasahau zamu zao. Mzee mmoja ametoka kuswali alasiri, akakaa akaanza kusimulia vita vya Ain Jalut: jinsi Sultani Qutuz wa Misri alivyowapiga Wamongoli tarehe 25 Ramadhani mwaka 658 Hijria, yaani 3 Septemba 1260. Kijana wa chuo niliyekuwa nimemnyoa nusu kichwa akamkatiza. "Mzee, Hulagu mwenyewe, mkuu wa jeshi la Wamongoli huku magharibi, hakuwepo. Alishaondoka na jeshi kwa sababu kaka yake, Möngke, Khan Mkuu (mfalme) wa Wamongoli wote, alikuwa amekufa. Qutuz alipigana na mabaki tu." Akaongeza kwamba hata hayo ya kusema Wamongoli hawakuwahi kushindwa kabla ya siku hiyo ni chumvi.

Mzee alinuna, kijana akalipa akaenda zake, mimi nikabaki na swali. Baghdad ilianguka 1258 na khalifa akauawa. Aleppo na Damascus zikafuata 1260. Mbele ilibaki Misri. Mtu aliyefika karibu hivyo anageukaje akaacha jeshi dogo? Ni msiba peke yake? Na kama waliobaki walikuwa makombo, mbona vita hivyo vinatajwa mpaka leo?

Msomaji wa Ngara

Huyo kijana wako hakukosea kuhusu kushindwa. Mwaka 1221 Jalal al-Din wa Khwarazm aliwapiga Parwan, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan. Ila Genghis Khan alikuja mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha akamsukuma Jalal al-Din mpaka akaruka na farasi wake ndani ya mto Indus kuokoa roho. Parwan ililipizwa. Ain Jalut haikulipizwa. Desemba hiyohiyo ya 1260 Wamongoli waliingia tena kaskazini mwa Syria, wakapigwa karibu na Homs. Hapo ndipo mzee anapata haki yake.

Dalali wa Kiamaiko

Kinyozi, hilo la kugeuka ndilo lenye nyama, na mimi nalijibu kwa tumbo la mnyama maana ndiyo kazi yangu.

Mbuzi wakishushwa usiku kutoka Moyale au Marsabit, asubuhi wasipopata mnunuzi, kuanzia saa hiyo wanakula pesa zangu. Nairobi nyasi ni za kununua kwa robota. Kaa nao hivyo siku chache, faida yote imeingia matumboni mwao, na bado wanakonda. Sasa toa mbuzi, weka farasi. Mmongoli hakwenda vitani na farasi mmoja. Alikuwa na kadhaa, wengine hadi watano, huyu akichoka anapanda yule. Ni farasi wadogo, wagumu, waliozoea kujitafutia malisho wenyewe. Jeshi la Hulagu lilikuwa la makumi ya maelfu ya watu. Zidisha, halafu uniambie hao wote wanakunywa wapi.

Tazameni na majira. Mvua ya Syria hunyesha wakati wa baridi. Aleppo ilianguka Januari, Damascus ikafungua milango Machi, nyasi bado zipo. Kuanzia Juni hakuna tone mpaka vuli, na nchi inakauka kabisa. Mtu wa Marsabit haelezwi hilo mara mbili.

Möngke kweli alifariki, Agosti 1259, akiwa vitani Sichuan huko China, na ndugu zake Kublai na Ariq Böke wakaanza kugombea kiti. Lakini Hulagu hakwenda Mongolia kuzika wala kugombea. Aliishia Azerbaijan, na Azerbaijan ina nini? Nyanda za malisho zilezile ambazo makhan wa Iran waliendelea kuzitumia baada yake. Simsingizii. Mwaka 1262 alimwandikia barua Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, akitafuta ushirika dhidi ya Misri, na humo akaeleza kwamba aliondoka Syria kwa sababu chakula na nyasi vilikuwa vimekwisha. Mkuu wa jeshi akikubali mwenyewe kwamba wanyama walimshinda kulisha, mimi namwamini kuliko wanaomtafutia sababu za heshima.

Aliyebaki nyuma ni Kitbuqa, Mkristo wa Kinestori (dhehebu la mashariki), kamanda mzee na mzoefu. Wengi wanakadiria jeshi lake kuwa watu 10,000 hadi 12,000, wapo wanaopandisha mpaka 20,000. Kijana anaita mabaki. Mimi naona ndiyo idadi ambayo Syria ya kiangazi ingeweza kuibeba.

Binti wa Pangani

Dalali, nakusoma na nakubali kiasi, ila umezipa nyasi sifa zote. Nyasi hazikumwambia Qutuz atoke Cairo. Wajumbe wa Hulagu walifika na barua ya vitisho ya kumtaka asalimu amri. Akawaua na vichwa vyao vikatundikwa kwenye lango la Bab Zuwayla. Kwa Wamongoli, kuua mjumbe ni kosa lisilo na suluhu. Angeweza kukaa nyuma ya Mto Nile akasubiri, na maamiri kadhaa walitaka hivyohivyo. Julai akatoka.

Halafu jeshi lenyewe lilikuwa la akina nani? Wamamluki, watu walionunuliwa utumwani wakiwa vijana na kufundishwa vita. Wengi walikuwa Wakipchak wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na Baybars, aliyeongoza kikosi cha mbele, aliuzwa baada ya Wamongoli kuivamia nchi yake. Kupiga upinde farasi akiwa mbioni alikujua kama wao, na alikuwa na kisasi nao. Wamongoli ndio waliojaza soko lile la watumwa, Misri ikanunua.

Kinyozi wa Majengo

Binti, ahsante, hilo la Baybars sikulijua kabisa. Dalali, na siku yenyewe ya vita ilikwendaje? Mzee alifika hapo akaanza kulia, hakumaliza.

Dalali wa Kiamaiko

Binti wa Pangani, nimeipokea. Ushujaa siuondoi. Nasema tu kwamba ulikutana na adui aliyeacha sehemu kubwa ya jeshi lake malishoni.

Tena hata njia aliyopita Qutuz ina hesabu ya chakula. Baybars alitangulia Gaza akawafukuza walinzi wa Kimongoli, kisha jeshi likapanda kwa pwani mpaka karibu na Akka, mji wa Wafaranki, yaani Wazungu wa vita vya msalaba. Wafaranki walikuwa na chuki na pande zote mbili, lakini Kitbuqa alikuwa ameiharibu Sidon yao majuzi tu. Wakaamua kutopigana, wakawaruhusu Waislamu wapite na wapate mahitaji. Kwa hiyo Qutuz alifika uwanjani na wanyama walioshiba.

Kitbuqa alishuka kutoka upande wa Baalbek akafika Ain Jalut, chemchemi iliyo chini ya mlima Gilboa, kusini mwa Galilaya. Maji yapo, malisho yapo, na bonde ni tambarare la kukimbiza farasi. Ningekuwa na kundi ningelaza hapohapo.

Asubuhi Wamongoli walishambulia kwanza na ubavu wa kushoto wa Wamisri ukavunjika. Hapa ndipo mzee wako alipolia, bila shaka. Qutuz akaivua kofia yake ya chuma akaitupa chini ili askari wauone uso wake, akapaza sauti: "Wa Islamah!" (Ewe Uislamu!) Akaingia mwenyewe. Safu ikarudi. Walipigana, wakasukumana tena, na katikati ya vurugu hiyo al-Ashraf Musa wa Homs, mtawala wa Kiayubi (ukoo wa Saladin) aliyekuwa upande wa Wamongoli, akageuka na watu wake akakimbia. Kitbuqa akafa, na waliopanda mlimani kujificha Baybars akawafuata hukohuko. Baada ya siku chache Damascus ikawa mikononi mwa Misri.

Qutuz hakufaidi. Tarehe 24 Oktoba 1260, njiani kurudi Cairo, maamiri walimuua, Baybars akiwa miongoni mwao, na aliyeingia mjini kama sultani ni Baybars. Wanasema alikuwa ameahidiwa Aleppo akanyimwa. Akatawala mpaka 1277.

Binti wa Pangani

Sawa. Basi nijibu hili: nyasi huota tena. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, Hulagu alikuwa hai na jeshi lake zima. Kwa nini hakurudi?

Dalali wa Kiamaiko

Swali zuri, na hapa nyasi peke yake hazitoshi. Binamu yake Berke, khan wa Kimongoli wa nyika za Volga, alikuwa amesilimu, na kuanzia 1262 walipigana wao kwa wao Kaukasi, ambako malisho nayo yalikuwa sehemu ya ugomvi. Hulagu akafa 1265 bila kuiona Misri.

Na Baybars alijifunza. Aliamuru nyasi za mpakani, upande ambao Wamongoli wangepitia kuelekea Aleppo, zichomwe moto. Akaweka farasi wa posta vituoni, barua ikawa inatoka Damascus hadi Cairo kwa siku kama nne.

Mjukuu wa mjukuu wake... hapana, ngoja niwe sahihi: Ghazan, kitukuu cha Hulagu, alirudi 1299 akaishinda Misri Wadi al-Khaznadar karibu na Homs. Januari 1300 Damascus ni yake. Februari akaondoka. Ameshinda, mji anao, na anaondoka! Waulizeni farasi wake. Alipotuma jeshi tena 1303 lilivunjwa Marj al-Saffar, kusini mwa Damascus, na mnamo 1323 pande mbili zikawekeana amani.

Fundi wa Gikomba

Nimechelewa, lakini kuna mahali nilisoma kwamba Wamamluki walishinda kwa mizinga midogo ya mkononi iliyowatisha farasi. Mbona hakuna aliyeitaja?

Dalali wa Kiamaiko

Kwa sababu habari hiyo imetoka kwenye vitabu vya ufundi wa vita vilivyoandikwa baadaye, watu wakairudisha nyuma mpaka 1260. Wanaosimulia Ain Jalut yenyewe wanataja pinde, panga na mikuki. Kama unalo andiko la wakati ule linalosema vingine, liweke hapa tulisome.