Mzee wa miaka 72 miguu inaishiwa nguvu, ale nini?

Ujiji_Kwetu: Wakuu, baba ana kilo 60, sukari wala presha hana. Akiinuka kwenye kiti lazima ashike kitu. Asubuhi chai ya rangi na kiazi, mchana na usiku ugali wa muhogo na mboga za majani. Tuanzie wapi?

Lishe_Kgm: Muhogo unashibisha, protini karibu hamna. Kwa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku, na zigawanywe, 20 au zaidi kila mlo. Wengi wanarundika samaki usiku tu. Asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa, tayari 20. Dagaa wakavu gramu 30 zinampa kama 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Meno yakisumbua, osha dagaa mchanga utoke, wakaange, watwange, ukoroge kwenye mchuzi wa mawese. Mchanga ukibaki, atasusa.

Viungo: Bila mazoezi msuli haujengeki. Egemeza kiti kigumu ukutani, mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 8, apumzike dakika mbili, arudie. Siku tatu kwa wiki, asifululize. Ashuke polepole, asijibwage. Akishindwa, weka mto juu ya kiti.

Ujiji_Kwetu: Na figo je?

Lishe_Kgm: Apimwe kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Figo zikiwa na hitilafu, kiasi hicho cha protini hakimfai, daktari ndiye apange. Na kama udhaifu ulikuja ghafla au ni upande mmoja, hospitali leo leo.